Hakuna Petroli Sirwe

Alhamisi, Mbale, nyuma ya duka la fotokopi,
umeme umekatika tangu saa kumi na mbili
na Nambozo amefungua daftari lake la Sirwe:
kurasa mia mbili za nchi isiyokuwepo,
yenye wafalme tisa, yenye ushuru wa chumvi,
yenye namna ya kumsalimia mjane ukimkuta njiani.
Tuko wanne. Kila mmoja ana lugha ya kwao,
Sirwe tunaingia kwa Kiswahili.
Dadu ni la udongo, nyuso ishirini;
Apolot alilifinyanga, akalichoma jikoni kwa mama yake.
Halikunyooka vizuri. Linapenda saba.

Oketcho anasema: "Mwizi wangu anapanda bodaboda,
anaingia nayo ikulu, hadi kwenye zulia."
Nambozo hainui kichwa. "Hakuna petroli Sirwe."
"Kuna zimwi linalokula minara,
petroli ndiyo ishindikane?"

Tulicheka hadi mshumaa ukayumba.
Yeye hakucheka.
"Kutwa nzima napima kahawa ya watu," alisema,
"gunia hili huku, lile kule, saini hapa,
bosi akikohoa nasimama wima.
Nimechanga mia tano ya mshumaa
ili na huku nako niambiwe haiwezekani?"

Sikuwa na jibu. Mimi, mhunzi kipofu wa Sirwe,
nilimwonea huruma, na nikaiona ile bodaboda,
nyekundu, ikipiga honi chini ya nguzo za dhahabu,
na nilipoiona
ikulu ikawa kadibodi,
zimwi likawa mchoro wa zimwi.

Nambozo akafunua ukurasa wa kwanza, akasoma
(sheria amezitunga kwa vina, hataki mtu azisahau):

    Moto hauvuki mto, hata ukiufunika,
    Mkubwa wala mtoto, hakuna wa kuepuka,
    Aliyekufa ni ndoto, hatarudi kuamka,
    Nchi ya Sirwe ni nzito, nyepesi ukiishika.

"Ukuta usipokuwepo," akasema, "utaparamia nini?"
"Na ukiwa mrefu mno," Apolot akamjibu,
roleksi baridi mdomoni,
"hiyo si nchi tena, ni jela yenye ramani nzuri."

Tukaendelea kwa kununa.
Tukafika mtoni na baridi ya Sirwe, ile ya kuvunja meno.
Ng'ambo, pangoni, mtoto wa mfalme anaganda.
Moto hauvuki. Dadu likatupa saba, na saba, na saba.
Oketcho alinyamaza kwa muda mrefu,
kidole chake kikipita juu ya ule ubeti, neno kwa neno,
kama anavyoikagua mizani ya kahawa
akihisi imechezewa.
Kisha: "Nabeba mawe mawili. Ya baridi.
Mto ukiyaosha nitashukuru.
Nitayagonganisha ng'ambo."

Nambozo akapekua. Ukurasa wa nane, wa arobaini,
pembezoni, nyuma ya jalada.
Tulisikia jenereta ya jirani, na mbwa.
"Haijakatazwa," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyeibiwa ndani ya nyumba yake
na akampenda mwizi.

Cheche ile niliiona. Mimi, kipofu.
Nilihisi vidole vya mtoto vikifunguka kimoja kimoja.
Bodaboda isingenipa hiyo, najua,
ingawa sijui kama ningejua hivyo
lau ningekuwa mimi niliyekatazwa.

Tulipotoka, Wanale ulikuwa giza juu ya giza
na Oketcho alikuwa akipiga hesabu barabarani:
"Mafuta ya alizeti yapo Sirwe, sivyo?
Ukurasa wa sitini, soko la Jumanne.
Na wahunzi wapo."

Akanigeukia.